Ukoo wa Walukuba: nani kaficha gitaa?

Karim: Jamani, spika za Jumamosi nimeshapata kwa jirani, bure kabisa. Nyimbo nitumieni mapema nizipakie kwenye flashi. Kila mtu tano, basi. Mwaka jana mtu alijaza kaswida mpaka wageni wakadhani ni maulidi.

Shangazi Amina: Zilikuwa zangu na zitarudi.

Shamim: Sherehe ni yangu mimi ninayehitimu lakini 😭 Mimi nataka ile bendi ya Uingereza, Coldplay, wakiimba na wale Wakorea BTS, wimbo My Universe. Ma'mdogo Zai ataniunga mkono, yeye ndiye shabiki sugu wa Coldplay humu ndani.

Dada Zai: Coldplay ndiyo. Wimbo huo hapana. Karim niandikie Shiver, Clocks na The Scientist. Mbili zilizobaki nafikiria.

Karim: Nilijua tu 😂 Naenda kuchemsha chai, mkimaliza mniite.

Shamim: Ma'mdogo, si ni watu walewale? Chris, Jonny, Guy, Will. Walikutana chuoni London na mpaka leo ndio hao hao. Bendi ngapi zimeweza hivyo?

Dada Zai: Watu ni walewale, sibishi. Ila wewe hukuwepo, mwanangu. Parachutes ilipotoka 2000 mimi niko sekondari. Tuliisikia kwa redio za Kampala, usiku, ukilala ndiyo imekupita. Kulikuwa na vijana wa vibanda vya mjini wanaokurekodia kaseti kutoka kwa sidii ya mtu. Nikawaambia wanijazie upande A na B albamu hiyohiyo, wakanicheka. Jonny Buckland anapiga noti chache tu lakini kila noti unajua imetoka kwenye kidole. Na Chris akipandisha ile sauti nyembamba inakaribia kukatika, kama mtu anayeimba chumbani na hataki wenye nyumba wamsikie. Sasa anaimbia uwanja mzima umevaa bangili za taa.

Shamim: Bangili ni nzuri mno usiziseme 💜

Dada Zai: Bangili sina ugomvi nazo.

Mjomba Rajabu: Asalaam aleikum. Nimesoma yote. Zaituni, OK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, ilianza 1956. Wakati huo ni bolero na cha-cha, dakika tatu wimbo umekwisha. Njoo mpaka 1985, Franco anatoa Mario, wimbo unakaribia robo saa, Madilu anaimba, Franco anasema na mtu kama yuko barazani. Kati hapo bendi imenenepa, tarumbeta safu nzima, magitaa yamejibizana mpaka mnajisahau. Kota za reli pale Nsambya sikumsikia mtu akisema Franco ametutupa. Bendi yetu ya Afrigo nao wapo tangu 1975, Moses Matovu na saksofoni yake, wamepita kwenye kila mtindo ulioingia mji huu. Nyinyi watoto wa kaseti mna lawama sana.

Karim: Mjomba kaandika barua 😂😂

Dada Zai: Shikamoo Mjomba. Sasa nijibu moja. Kwenye Mario, gitaa la Franco unalisikia au hulisikii?

Mjomba Rajabu: Marahaba. Nalisikia hata nikiwa usingizini.

Dada Zai: Basi umenimalizia kesi. Mimi sidai waendelee kupiga vilevile. Nauliza tu Jonny yuko wapi. Sikiliza hizo za 2015, sikiliza za 2021. Anayepiga ni nani? Mashine? Huwezi kujua.

Shamim: Ngoja. Wimbo unaoupenda kuliko zote si Viva la Vida? Uliniambia mwenyewe kwenye taxi ya kwenda Busia. Ule gitaa lake liko wapi? Ni fidla mwanzo mwisho.

Karim: Chai imemwagika. Endeleeni.

Dada Zai: Haya, swali zuri, umesoma chuo kweli. Viva la Vida ni 2008. Kabla yake kulikuwa na albamu X&Y ya 2005, ambayo kwangu ni Coldplay wakijiiga wenyewe kwa sauti kubwa zaidi. Wakaona wamekwama, wakamwita mtayarishaji Brian Eno. Yule mzee alikuja kuwanyang'anya mazoea, si kuwapa wimbo. Fidla ndiyo, gitaa limekaa pembeni ndiyo. Lakini tazama video zao za jukwaani: Will Champion amesimama, anapiga ngoma kubwa na kengele kwa nguvu zake zote. Unamsikia MTU. Labda sikulisema vizuri kwa neno gitaa. Ninachotafuta ni mikono yao minne kwa minne.

Shamim: Minane

Dada Zai: Minane. Haya, sawa.

Dada Zai: Halafu njoo 2011, Mylo Xyloto, Rihanna yumo. Nikavumilia, rangi zilinipendeza. 2014 Chris ametengana na mkewe, Ghost Stories ni albamu ya huzuni, ya kunong'ona, naipenda mpaka nikifika kwenye wimbo waliofanya na DJ Avicii. A Sky Full of Stars. Watu wote wa harusi za Kampala wanaruka, mimi nakaa chini. Piano ile ni ya disko, ingeweza kuimbiwa na yeyote. 2015 wakaenda kwa Stargate wa Norway, wale waliowatengenezea kina Rihanna. 2021 ndiyo kabisa, wakamkabidhi funguo Max Martin.

Karim: Max Martin?? Si ndiye yule wa nyimbo za Backstreet Boys? Dada Zai, nani alikuwa na picha ya Backstreet Boys imebandikwa kwa uji wa ngano juu ya kitanda?

Shamim: 😂😂😂😂 MA'MDOGO

Shangazi Amina: Ukuta huo mpaka leo haushiki rangi.

Dada Zai: Niliwapenda Backstreet Boys wakiwa Backstreet Boys! Duka la viatu nikikuta wanauza samaki siwezi kufurahi hata kama samaki ni mzuri.

Mjomba Rajabu: Samaki akiwa sangara wa Masese mimi nanunua popote.

Shamim: Sasa nisikilizeni. Albamu hiyohiyo ya Max Martin, wimbo wa mwisho, Coloratura. Zaidi ya dakika kumi! Gitaa la Jonny limetanda humo, linalia peke yake muda mrefu, halafu piano, halafu linarudi. Ma'mdogo ukisema hawajui tena kupiga hapo unawaonea.

Dada Zai: Coloratura naijua vizuri, na ndiyo inayoniuma. Maana yake wanaweza. Mikono haijasahau. Ila wameuweka mwisho kabisa, mahali ambapo redio haifiki, na mbele wameweka ule wa BTS ukaenda namba moja Marekani wiki ya kwanza. Asiyeweza ninamhurumia. Anayeweza akachagua kuficha, huyo nitamdai.

Shamim: Lakini ulifichwa mimi nikaukuta. Niliingia kwa sababu ya BTS, sikatai. Nikaacha albamu iendelee nikifua, nikafika Coloratura nikakaa kitako. Nikaanza kurudi nyuma moja moja, 2019, 2008, mpaka hiyo ya kaseti yako. Wimbo wangu sasa hivi ni Sparks.

Dada Zai: Sparks? Ya Parachutes?

Shamim: Ndiyo. Darasa zima hosteli tunaijua. Ile besi ya Guy inavyotembea polepole 🥺

Dada Zai: Hiyo haikuwahi kupigwa redioni enzi zetu jamani. Nilidhani ni yangu peke yangu.

Dada Zai: Karim toa Clocks, weka Sparks.

Karim: Clocks ndiyo iliyowapa Grammy ya 2004 na ndiyo pekee mimi naijua 😩

Dada Zai: Toa.

Mjomba Rajabu: Hiyo 2019 mtoto anayoitaja ina nini?

Dada Zai: Everyday Life. Hiyo Mjomba utaipenda, na mimi ndiyo iliyonirudisha. Waliizindulia Amman, Jordan, alfajiri na tena jua linapozama. Kuna wimbo unaitwa Arabesque, Stromae anaimba Kifaransa humo, na saksofoni imeshikwa na Femi Kuti.

Mjomba Rajabu: Femi wa Fela?

Dada Zai: Huyohuyo.

Mjomba Rajabu: Nitumie. Bando langu linatosha wimbo mmoja, usinitumie video.

*(Dada Zai ametuma faili la sauti)*

Mjomba Rajabu: Nimesikiliza. Waingereza wametulia wakamwacha mtoto wa Fela afanye kazi. Hapo wamefanya adabu. Karim, huu ni kati ya tano zangu. Zilizobaki ni Franco, usiniulize zipi, zote.

Shamim: Na Moon Music ya 2024 Burna Boy yumo, kwenye We Pray. Wanapenda Afrika hawa.

Dada Zai: We Pray imejaa wageni mpaka wenye nyumba wamekosa pa kukaa. Lakini Chris amesema watafikisha albamu kumi na mbili waache, na hiyo ni ya kumi. Zimebaki mbili. Mimi naomba moja tu, wanne chumbani, milango imefungwa, asiitwe mtu.

Shamim: Na nyingine?

Dada Zai: Nyingine wafanye na nani sijui, na BTS wako.

Shamim: Nimeipiga picha hiyo meseji 📸

Shangazi Amina: Mmemaliza? Mchele wa pilau bado kilo tano, na hakuna aliyetuma hata shilingi. Muziki utazimwa Magharibi na Isha, kaswida mbili kabla ya chakula.

Karim: Sawa Shangazi. Tatizo ni hiyo Coloratura, dakika kumi hakuna mtu atacheza.

Shangazi Amina: Ipigwe watu wakila. Wakiwa na nyama mdomoni hawatalalamika.

Dada Zai: Shangazi amehukumu. Ila My Universe ikianza, mimi mnitafute jikoni.

Karim: Jikoni ndiko inakokaa spika ya pili.