Picha ya Tingatinga ya babu inabanduka rangi, hapa Dom nimpelekee nani?

mjukuu_wa_makole
Mbukwenyi wadau, naombeni msaada. Nyumbani tuna picha ya Tingatinga, ya chui na ndege, babu aliinunua Dar miaka ya sabini alipokuwa anafanya kazi reli, akahamishiwa Dodoma akaja nayo, tangu hapo iko ukutani sebuleni Makole. Babu ameshatangulia, sasa tunapaka nyumba rangi ndo tukaishusha, aisee nyuma mchwa wamekula pembe moja ya hadibodi, chini imevimba, na rangi pale kwenye miguu ya chui inanyanyuka kama magamba ya samaki, ukigusa tu inadondoka. Shangazi alikuwa anaifuta kwa maji na sabuni ya unga kila Krismasi, sijui kama ndo imechangia.

Baba anasema itupwe tununue nyingine, mi sitaki kabisa. Nasikia Marekani kuna vituo vya kuhifadhi sanaa ambavyo hata mtu wa kawaida anapeleka picha ya bibi yake inashughulikiwa. Huku kwetu kuna kitu hicho? Na kama ni fundi, fundi wa aina gani?

fundi_kizota
Mkuu hiyo kazi ya asubuhi moja tu. Lete Kizota. Inapigwa msasa laini, inagandishwa na gundi ya mbao, inapigwa vanishi koti mbili inang'aa mpaka unajiona. Pembe iliyoliwa nakata naunga kipande kipya. Elfu thelathini, fremu tutaongea.

mama_mikusanyo
Mwanangu wa Makole, usiipeleke kwanza. Na fundi asinune, kwenye kabati na milango hana mpinzani, ila hii si kabati.

Nimestaafu, kazi yangu ilikuwa mikusanyo ya makumbusho, yaani kutunza vitu vinavyohifadhiwa humo, kwa hiyo naandika ninachokijua. Picha za Tingatinga, tangu Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alipoanza pale Dar mwaka 1968, zinachorwa kwa rangi za mafuta zile za madukani, watu wanaziita rangi za baiskeli, juu ya hadibodi. Zina rangi kali nzuri, lakini zikizeeka zinakauka zinakuwa ngumu hazinyumbuki, huku hadibodi chini yake inakunywa unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa. Dodoma sasa, miezi ya kiangazi ni ukavu na vumbi, mvua ikianza Desemba hewa inabadilika ghafla, ubao unacheza rangi haichezi, lazima iachie. Ongeza na yale maji ya shangazi (tusimlaumu, nyumba nyingi wanafanya hivyo) yameingia kwenye nyufa yakavimbisha ubao kwa ndani.

Ukipiga msasa unaondoa alichochora msanii, haitarudi. Vanishi nayo ina ubaya wake, miaka ikipita inakuwa njano, na siku mtu akitaka kuitoa atatumia dawa ambayo itayeyusha na rangi ya chini, kwa sababu vyote ni ndugu. Sheria ya kwanza ya kazi ile ni usiweke kitu ambacho mwenzako hawezi kukitoa baadaye.

Mtaalamu wa uhifadhi anavyofanya kwanza haigusi. Anazima taa, anamulika tochi kwa ubavu, kila mahali paliponyanyuka panatoa kivuli, anapiga picha, anaandika. Halafu anajaribu kusafisha sehemu ndogo sana pembeni pasipoonekana. Na mtacheka, moja ya vitu wanavyotumia kusafishia ni mate, anachovya kijiti chenye pamba mdomoni anazungusha taratibu, maana mate yana kimeng'enya kinacholainisha uchafu na hayana ukali. Rangi iliyonyanyuka inaingiziwa gundi nyepesi kwa brashi ya nywele chache, inalazwa, inasubiriwa. Picha moja inaweza kumla wiki. Mwisho wa yote haiwi mpya, inabaki ya zamani ila imeacha kuharibika, na hapo ndipo wateja wengi wanaposikitika kwa sababu walitaka ing'ae.

Kwa sasa ilaze chali juu ya meza, uso juu, chumba kisicho na jua wala jiko. Usiifute. Vipande vilivyodondoka usitupe hata kimoja, weka kwenye bahasha uandike vilitoka wapi. Pembe yenye mchwa kagua kama bado wamo, kama wamo itenge na vitu vingine vya mbao, na usipulizie dawa ya dukani juu ya rangi. Na ukiirudisha ukutani weka vipande vidogo vya mbao nyuma ili hewa ipite, isigusane na ukuta moja kwa moja.

Mrangi_halisi
Mama umemaliza. Mi niongezee la huku kwetu Kondoa, maana watu wanadhani uhifadhi wa sanaa ni mambo ya maabara tu.

Michoro ya kale ya miambani ya Kolo iliingia urithi wa dunia 2006, eneo lina zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na mapango yenye michoro wanakadiria ni kati ya 150 na 450, hakuna serikali duniani inayoweza kuweka mlinzi kila jiwe. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja 1951 akainakili mingi, ile michoro myekundu ya watu warefu wembamba na wanyama, na baadaye ipo ile myeupe ambayo ni ya wakulima. Nyekundu ni udongo wenye chuma, imekaa miaka elfu na elfu. Inachoharibikia sasa ni vitu vidogo vidogo. Mgeni anataka picha itoke vizuri kwenye simu, anamwagia maji mwamba rangi ikolee, maji yakikauka yanaacha chumvi juu. Mbuzi wanaingia kivulini wanajisugua ukutani na kutimua vumbi. Mtoto anaandika jina lake kwa mkaa. Halafu wako wale wa rupia za Mjerumani, wanachimba chini ya mapango usiku wakiamini kuna dhahabu imefukiwa, mpaka leo hawajaacha.

Kilichosaidia si uzio. Waya ukiwekwa porini watu wanauona ni waya wa kufungia banda. Kinachosaidia ni jirani wa pale akiwa na sababu. Kijana wa kijiji akiwa ndo muongozaji wageni na analipwa, hatakubali mtu amwage maji. Mwalimu akipeleka darasa Kolo, wale watoto wakirudi nyumbani wanamwambia baba usikate ule mti mbele ya pango, maana mti ndo unazuia jua na upepo.

Na hapo kuna jambo gumu, nalisema kama Mrangi. Mungomi wa Kolo ni mahali petu pa tambiko, wazee wanaenda kuombea mvua na uponyaji, wanachinja, wanarusha pombe. Mtaalamu anaona pombe kwenye mchoro anashtuka. Mzee naye anaona, haya mawe tuliyatunza kabla hujazaliwa, leo unanipa kibali? Wote wana hoja. Ukimfukuza mzee umemfukuza mlinzi wa bure, na ukiacha kila kitu hivi hivi mchoro unafifia. Kwa mtazamo wangu lazima wakae chini wakubaliane wapi panarushwa na wapi hapaguswi, na hiyo kazi ya kukaa chini ni uhifadhi kabisa kama ile ya pamba na mate.

Dom_kwetu_95
Sawa maneno matamu lakini jamani, zahanati hazina dawa tunaongelea miguu ya chui? Hivyo vituo vya Marekani vina hela za matajiri. Hapa makao makuu ya nchi kila siku tunajenga ofisi, hamna hata chumba kimoja cha hayo mambo, basi tukubali si kipaumbele chetu.

mama_mikusanyo
Mwanangu 95, kituo cha kwanza cha aina hiyo Marekani, cha Intermuseum Conservation Association kule Ohio, kilianzishwa 1952 na makumbusho sita yaliyochangishana, kwa sababu hakuna hata moja lililoweza kumwajiri mtaalamu peke yake. Hakikuanza kwa utajiri, walianza kwa kugawana gharama. Kazi yao kubwa hata leo si kupaka paka tu, wanaenda kukagua makumbusho madogo, wanafundisha watu jinsi ya kufunga, kuweka kabatini, kujiandaa na mafuriko na moto. Hilo ndo linalotufaa sisi. Kufundisha kanisa moja Mpwapwa namna ya kuweka vitabu vyao vya ubatizo mbali na mchwa ni nafuu kuliko kuvitengeneza vikishaliwa.

Na siyo kwamba Afrika hakuna chochote. Mombasa kuna kituo kilichofundisha watu wa makumbusho kutoka nchi nyingi zinazoongea Kiingereza, wanaoongea Kifaransa wakapata chuo chao Porto-Novo kule Benin. Watu walisoma, wapo. Ni wachache tu na wengi wamegeukia kazi nyingine.

mjukuu_wa_makole
Asanteni sana, mama ubarikiwe, nimeilaza mezani na bahasha ipo. Baba amesoma uzi wote amekaa kimya, nachukulia amekubali. Maswali mawili ya mwisho, nikitaka kumwona mtaalamu naenda wapi, na je kuna jamaa ameniPM anasema ananunua laki moja vilevile ilivyo, nimuuzie?

Halafu kuna zeze la babu pia, ngozi imetobolewa na wadudu, unga unga unadondoka.

mama_mikusanyo
Anza Makumbusho ya Taifa Dar, Mtaa wa Shaaban Robert, ulizia watu wa mikusanyo, usiende na picha siku ya kwanza, nenda na picha za simu, za mbele, nyuma na ule ubavu wenye tochi. Wakisema ilete, panda treni ya SGR, basi linatikisa hutafika na rangi. Ifunge uso ukiwa juu, ndani ya boksi, kitu chochote kisiguse uso wake, hata nailoni.

Huyo wa laki moja mwambie asubiri. Kazi halisi za Tingatinga mwenyewe ni chache, alifariki 1972, na za kughushi zimejaa, kwa hiyo sikwambii una utajiri, nakwambia tu usiuze kitu kabla mtu asiye na haja nacho hajakitazama. Kona ya chini kuna sahihi?

Zeze lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa leo hii, lisilale karibu na picha. Hao ni wadudu wa ngozi. Kama una friza ya kina isiyokatika umeme, liweke humo likiwa ndani ya huo mfuko wiki mbili, litoe liache lizoee joto siku nzima kabla hujafungua mfuko, la sivyo ngozi italowa. Ila legeza uzi kwanza.

mjukuu_wa_makole
Kona ya sahihi ndo waliyokula mchwa 😅 friza ipo kwa jirani anauza samaki, naenda kumwomba.

fundi_kizota
Boksi la kusafirishia nitakutengenezea mimi, hilo halina msasa. Njoo na vipimo.