Nimeambiwa lupasi yangu imetokana na utumbo "unaovuja" na sumu mwilini, eti niache dawa. Kuna ukweli?

mama_pacha
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri ila msinicheke. Nina lupasi (ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe) mwaka wa 3 sasa, natumia haidroksiklorokwini kila siku na steroidi kidogo, na kiukweli niko afadhali sana, maana mwanzoni asubuhi hata kifuniko cha chupa ya maji nilikuwa nafungua kwa meno, vidole vimekakamaa kama vya mtu mwingine. Sasa kuna dada nimekutana naye kwenye grupu anauza virutubisho, kaniambia chanzo ni utumbo wangu unavuja na mwili umejaa sumu za mazingira, plastiki, dawa ya meno, moshi, kila kitu, na hizi dawa za hospitali nazo ni sumu nyingine juu ya sumu. Nikanunua kopo moja la unga wa kusafisha utumbo, leo siku ya 9. Dawa sijaacha, ila juzi vidole vimeanza tena asubuhi, nikamwambia, akasema hiyo ni dalili nzuri, ni sumu zinatoka. Mimi sijasoma sayansi lakini hapo nikaanza kusita. Hii habari ya utumbo na sumu ni kweli au naliwa hela?

Sina_Mbambamba
Usiache dawa. Kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 1991, walichukua wagonjwa 47 wa lupasi ambao walikuwa wametulia kabisa kwenye hiyo hiyo dawa yako, wengine wakaendelea nayo wengine wakapewa kidonge kisicho na kitu bila kujua. Waliokosa dawa ugonjwa uliwarudia mara 2 na nusu zaidi ya wenzao. Na hao walikuwa wametulia, wewe vidole vishaanza!! Ukiwa na lupasi na ugonjwa ukaamka hakuna "sumu zinatoka", kuna ugonjwa umeamka, nenda kliniki wakupime mkojo waangalie figo.

Darubini
Dada pole. Nafanya kazi maabara, ngoja nijibu swali lenyewe maana hapo juu kajibu la dawa tu (na kajibu vizuri).

Huyo muuzaji kaokota kitu cha kweli akakipeleka sokoni. Ukuta wa utumbo kwa ndani ni tabaka moja tu la seli, moja, na seli zenyewe zinakufa na kuzaliwa upya kila siku 3 mpaka 5. Zimeshonana ubavu kwa ubavu, na nyuma ya huo mshono ndo kumejaa askari wa kinga, inakadiriwa kama asilimia 70 ya seli za kinga za mwili mzima ziko maeneo ya utumbo. Kwaiyo mshono ukilegea, vitu vya tumboni vikapenya, askari wanaviona na wanaanza fujo. Mpaka hapo hamna uongo.

Na kwa lupasi kuna kazi ya chuo kikuu cha Yale ya 2018, walikuwa na panya wenye asili ya kupata lupasi, wakaona bakteria mmoja anaitwa Enterococcus gallinarum anatoka utumboni anahamia kwenye ini, na akifika kule kinga inachachamaa. Wakamkuta pia kwenye vipande vya ini vya wagonjwa wa lupasi. Alafu watu wakisoma hivyo wanakimbilia antibayotiki au ditoksi (kusafisha sumu), wakati kilichothibitika kwa panya hakijageuzwa kuwa tiba ya mtu, na bado kuna ubishi wa kuku na yai, utumbo ulilegea ukaleta ugonjwa, au ugonjwa ndo uliulegeza? Hata dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni watu wanazomeza kama pipi zinaulegeza huo ukuta.

Ugonjwa ambao mnyororo wake unajulikana mwanzo mpaka mwisho ni siliaki. Una jeni fulani, unakula gluteni ya ngano, kinga inashambulia utumbo wako mwenyewe, ukiacha ngano utumbo unapona. Huo ni mmoja, muuzaji anachukua wa siliaki anauzia watu wa lupasi, wa tezi, wa kisukari, wote kopo moja.

njiwa77
Ooh siliaki, acha niseme yangu. Mimi nilishauriwa mtandaoni niache ngano, nikaacha, tumbo likatulia nikafurahi sana, miezi 8 baadae daktari anataka kunipima siliaki naambiwa kipimo hakitasoma kitu maana sijala ngano muda mrefu, nirudi kula kila siku wiki kadhaa ndo wapime. Zile wiki sizisahau, nilikuwa naijua njia ya chooni gizani. Ukitaka kuacha ngano pima KWANZA.

Fundi_Mawe
Nyie wa utumbo mmesema, mimi niseme wa sumu maana ndo kazi yangu. Nakata mawe ya meza za jikoni. Kuna sumu za kweli na hazina jina la kutisha, ni VUMBI. Ukikata jiwe kavu lile vumbi la silika (madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga) ni laini mpaka linakaa kwenye kope, unarudi nyumbani mke anakung'uta suruali chumba kizima kinakuwa cheupe. Mwenzangu wa miaka mingi vidole vilianza kubadilika rangi akishika maji baridi, vinakuwa vyeupe halafu zambarau, tukawa tunamtania, baadae ngozi ya mikono ikabana hawezi kukunja ngumi. Daktari wa kwanza kumuuliza anafanya kazi gani alikuwa wa nne!! Kumbe huu ugonjwa wa ngozi kukakamaa umeandikwa tangu 1914 kwa waashi wa Scotland. Mawe ya kutengeneza kiwandani ndo balaa zaidi, mengine silika inazidi asilimia 90, Australia wameyapiga marufuku Julai 2024 kwa sababu ya mapafu ya mafundi. Sasa hivi sikati bila maji na barakoa ya maana, sio kile kitambaa.

Hilo vumbi linahusishwa na baridi yabisi na lupasi pia. Kwaiyo sumu zipo ila huwezi kuziharisha kwa unga.

Darubini
@Fundi_Mawe umenena. Sumu yenye jina, kipimo na mtu aliyeivuta, hapo ndo tunaongea. Ongeza sigara, kwa baridi yabisi ndo yenye ushahidi mzito kuliko zote, moshi unabadilisha protini kwenye mapafu, kinga ikiziona inazichukulia kama wageni, inaanza kuzitengenezea kingamwili (silaha zake za kushambulia), miaka baadae vita inahamia kwenye viungo. Kuna na yale mafuta ya kupikia ya Uhispania 1981, yalichezewa yakauzwa, watu kama elfu 20 waliugua, wengine wakaishia ngozi kukakamaa. Na dawa pia zipo, haidralazini ya presha inaweza kuleta lupasi, ila ile ukiacha dawa inaondoka.

Plastiki na dawa ya meno kwa lupasi yako wewe, hapana, hapo anakuokotea tu.

Ukitaka kuusaidia utumbo kula vyenye nyuzinyuzi, maharage, mboga, matunda, bakteria wanazichachua wanatoa kitu kinaitwa butireti, na butireti inasaidia zile seli za kinga zinazotuliza wenzake (waliozigundua wamepewa Nobeli 2025). Haiponyi lupasi, ila haina madhara na haiji kwenye kopo. Hilo kopo lako limeandikwa nini nyuma?

mama_pacha
Asanteni jamani nimejikuta nalia. Mume wangu anavuta sigara ndani, nimemsomea hapo kwenye sigara kanyamaza, katoka nje. Kopo nalifuata.

Sina_Mbambamba
Angalia kama kuna alfalfa, ni mmea wa jamii ya maharage. Miaka ya 80 mwanzoni kima walilishwa mbegu za alfalfa wakapata ugonjwa kama lupasi, kuna kitu ndani kinaitwa kanavanini. Wagonjwa wa lupasi huwa tunakatazwa. Na chochote kimeandikwa "huongeza kinga", sisi kinga yetu ishazidi, unaiongezea ya nini.

mama_pacha
Mstari wa 4. Alfalfa. Chini yake wameandika huimarisha kinga ya mwili. Nimemtumia yule dada picha, kaniambia nisiamini watu wa hospitali, halafu kanibloku.

Darubini
Usilitupe. Nenda nalo kliniki kesho hivyo hivyo na lebo yake, waambie siku ngapi umetumia na vidole vilianza lini.

mama_pacha
Lishaingia kwenye mkoba. Namba yangu kesho ni ya 12.