Fundi yule yule kanitolea "KIDOA" kwenye fimbo yangu ya kale ya gofu!!!

Wadau, natoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji jina. Mnamjua: grenda mkononi, na ile kauli yake ya "niachie, njoo jioni".

Nilimpelekea niblick, aina ya fimbo ya gofu ya zamani. Chuma kilichofuliwa na Tom Stewart wa St Andrews, Uskoti, mpini wa mti wa hickory, mali ya enzi zile kabla wakubwa wa kule hawajaruhusu mipini ya chuma mwaka 1929. Kazi niliyompa: kukaza ngozi ya kushikia, imelegea. NGOZI TU!

Nafika jioni, kichwa kizima kimepigwa grenda. Ule weusi wa uzee hakuna. Mpini umepakwa vanishi mpaka nzi akitua anavunjika kiuno. Sasa sikilizeni. Stewart alikuwa anagonga alama ya kiko nyuma ya chuma, na sisi wakusanyaji kitu cha kwanza tukishika fimbo tunageuza nyuma kutafuta kiko. Jamaa ananikazia macho: "Na kile kidoa cha nyuma nimekutolea, bure."

Kidoa! Halafu BURE!

Kutu_Halisi: Pole mkuu. Lakini grenda uliiona na ukamwachia.

Chausiku77: Kelele zote hizi kwa fimbo ya kuchungia mbuzi?

Mleta uzi: Mbuzi wewe. Ilikuwa na KIKO!

Bwana Shamba: Kiko kimeenda, sigara zipo. Nikuletee pakiti?

Mpini Mkavu: Afadhali yako. Mimi shemeji alikata mashie, fimbo ya gofu ya marehemu babu, mpini akautia kwenye nyundo. Eti hickory haivunjiki. Na kweli haijavunjika, ndicho kinachoniuma.

Mama Kauzu: Usinikumbushe mashemeji! Wangu kafumua redio ya mbao ya baba, akatia spika ya bluetooth na taa za disko.

Kutu_Halisi: Redio ya mbao?? Ya betri au ya umeme?

Mleta uzi: Jamani, kanitazama usoni akasema kidoa...

Chausiku77: Tumesikia, mkuu. Mashemeji wafunguliwe uzi wao, wangu ana kesi na mlango wa Zanzibar.

Bwana Shamba: Mlango kaufanya nini tena?

Chausiku77: Kapaka rangi ya silva. Mpaka misumari ya shaba.

Mama Kauzu: WEEE!! Weka picha.