Naomba ushauri: maua ya kunukia kwenye ua mdogo, Utawala, Nairobi

Binti wa Kibokoni:
Wadau, hamjambo. Mbele ya nyumba nina kipande cha futi 12 kwa 20 hivi, geti upande huu, dirisha la chumba cha kulala upande ule. Mimi ni wa Mombasa. Bibi alikuwa na asumini kibarazani, tukichuma jioni kufungia vikuba (vishada vya kunukia vya kujipamba), na harufu ile ndiyo naitaka hapa. Mwezi wa nne nilipanda mche mmoja ukutani; mvua ilipokolea majani yakawa manjano, sasa vimebaki vijiti. Jirani anasema nipande malkia wa usiku chini ya dirisha, eti hauna kazi. Nafika nyumbani saa 1 au 2 usiku. Nina mtoto wa miaka 3.

Mzee wa Miche:
Dada, jirani yako hajawahi kulala nao. Mimi nimelala nao miaka miwili. Maua yakishafunguka usiku, harufu inaingia mpaka kwenye shuka. Mama watoto akawa anaamka na kichwa. Nikang'oa. Ukiupenda sana weka getini, uusikie ukiingia, basi. Ila kwa mtoto wa miaka 3 mimi singeupanda kabisa, vile vitunda vyeupe ni sumu. Na yale maua ya tarumbeta yanayoning'inia, sumu toka jani mpaka mbegu.

Udongo Mweusi:
Asumini yako imeuawa na udongo wetu huu. Mvua ikinyesha unashika maji kama beseni, mizizi inaoza. Chukua ndoo ya lita 20, toboa matundu chini, weka kokoto, halafu udongo mwekundu, samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Isimamishe kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Ukuta unatunza joto mpaka jioni, na mmea huu ni wa joto. Usihesabu maua Juni hadi Agosti. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, si Kibokoni hapa.

Shangazi Kasarani:
Kabla hujanunua chochote, toa kiti ukae nje jioni mbili tatu. Upepo wa Nairobi mara nyingi unatoka mashariki. Ndoo iwe upande huo wa kiti, la sivyo utamnukishia jirani bure (huyo wa malkia!). Waridi ruka, linanukia vizuri mchana na wewe uko kazini. Njia ya geti ipandie rozimari na lavenda kwenye tuta lililoinuliwa: hazingoji maua, nguo ikigusa majani tu umeshasikia.

Mpita Njia:
Wauza miche wa barabarani usiwaamini kwa neno "asumini" pekee. Niliuziwa mtambaazi wa maua meupe, mzuri kweli, harufu hamna. Nunua wenye maua, unuse kwanza, na uende jioni, ndipo yanapofunguka.

Binti wa Kibokoni:
Ahsanteni sana. Malkia nimemkatalia jirani, amenuna kidogo. Na mkilua je, ule mti wetu wa pwani wa maua ya kunukia, kwenye ndoo?

Udongo Mweusi:
Wangu ulikaa mwaka mzima na majani sita. Uache pwani.

Binti wa Kibokoni:
Haya. Ndoo ninayo, ilikuwa ya rangi ya ukuta. Nikiisugua kwa sabuni inatosha?

Mzee wa Miche:
Kama ni rangi ya maji, inatosha. Ya mafuta, tafuta nyingine.