Leni ya nane ni mita ngapi?

Mama Jembe: Wadau wa Eldoret, jioni uwanjani katikati ni vijana wa mpira, leni ya kwanza wameishika wale wa mbio za kulipwa. Sisi wa kupunguza kitambi tunasukumiwa leni ya nane. Saa inadai mwendo wangu umepungua. Au mzunguko wa huku si mita 400?

Mzee Filimbi: Mita 400 ni leni ya kwanza, mama. Kila leni ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo ya nane inafika kama 453. Mizunguko kumi ni kilomita nne na nusu!

Mama Jembe: Kumbe! Na vile mume wangu hunicheka.

Kijana wa Kilifi: Na huko mko mita 2,100 juu ya bahari. Mimi mzunguko mmoja tu, nikatafuta benchi.