MREJESHO: Ile IST iliyokataa kuwaka, taa ya funguo inablink

Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu gari yangu Toyota IST, starta inazunguka fresh ila injini haishiki na taa ya security kwenye dashibodi inawaka na kuzima, na gereji moja ikaniambia ninunue kontrol boksi (kompyuta ya injini) laki 9.

Sasa imewaka, na kontrol boksi ni ile ile. Mmoja wenu alisema nitafute fundi wa funguo badala ya fundi wa injini, nikampata wa Kariakoo anayekuja na mashine yake mpaka nyumbani Tabata, akachomeka chini ya usukani akaona gari haisomi chipu ya funguo yoyote, hata ile ya spea, akasema zote mbili haziwezi kufa siku moja, akafungua kava la usukani na kumbe ile koili ya duara inayozunguka swichi ya funguo, ambayo ndo inasoma chipu, waya wake umekatika. Kubadilisha betri ya rimoti kusingesaidia, kwa sababu chipu haitumii betri, inapata umeme kutoka kwenye hiyo koili. Koili used tulipata maduka ya spea eneo la Gerezani, jumla na ufundi 120,000.

Nikamwambia aniongezee na funguo ya tatu hapo hapo, maana ukiwa na funguo masta (funguo kuu) inayosoma kusajili nyingine ni rahisi, ukipoteza zote ndo utaambiwa ureseti imobilaiza (mfumo unaozuia injini kuwaka bila chipu inayotambulika) na bei inapaa.

Rimoti ya kufungua milango bado imegoma, ila hiyo siyo mambo ya imobilaiza, nitaishughulikia mwisho wa mwezi.