Acheni kuchunguza tabia zangu, chunguzeni kwanza tabia za dirisha lenu

Wakuu, naandika hasira zikiwa bado za moto, mtanisamehe mpangilio.

Jana asubuhi iliingia meseji: "Wenzako 9 kati ya 10 wameshakamilisha usajili. Umebaki wewe." Umebaki wewe! Yaani mimi ndiye mzembe wa mwisho duniani. Pale dirishani, kwenye ofisi yao ya usajili, nimeshakwenda mara tatu. Mara ya kwanza sistimu ilikuwa chini. Mara ya pili nikaambiwa nilete nakala ya cheti, cheti walichonipa wao wenyewe, chenye mhuri wao na saini ya mtu wao. Nikauliza, si kimo humo kwenye kompyuta yenu? Dada akanitazama kama nimemtukana. "Nakala, kaka." Mara ya tatu nimefika na nakala yangu, naambiwa fomu imebadilika. Ile niliyojaza, kurasa saba kwa herufi kubwa, ni ya zamani.

Halafu ndiyo wananisuta kwa meseji.

Meseji ile hakuitunga karani, najua ilikotoka. Ni hii inayoitwa sayansi ya tabia, yaani kuchunguza watu wanavyoamua mambo ili uwasukume taratibu kuelekea unakotaka. Uingereza mwaka 2010 waliunda kitengo chake ndani ya Ofisi ya Baraza la Mawaziri, na mojawapo ya kazi zilizokipa jina ni barua za kodi: ukimwambia anayedaiwa kwamba watu wengi wameshalipa kwa wakati, naye analipa upesi zaidi. Sibishi, ilifanya kazi. Mwaka 2017 Richard Thaler, mmoja wa wakubwa wa fikra hii ya kumgusa mtu kwa kiwiko (Kiingereza "nudge") badala ya kumlazimisha, akapewa Nobel ya uchumi. Sawa, hongera zake. Ila barua ile ilimwendea mtu anayeweza kulipa lakini anajivuta. Mimi sijivuti. Mimi nimefungiwa mlango, na aliyeufunga ndiye anayenisukuma kwa nyuma.

Na huyohuyo Thaler ana neno la pili ambalo mabingwa wetu wa meseji hawaligusi kabisa. Tope ("sludge"). Mwaka 2018 aliandika kwenye jarida la Science kuhusu vikwazo vya makaratasi na mizunguko inayomkwamisha mtu asifanye jambo lenye faida kwake. Inaelekea ukurasa wa kiwiko waliusoma, wa tope wakaufunua haraka.

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2012 ambao ningependa ubandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi yenye foleni. Familia za kipato cha chini zilikwenda kusaidiwa kujaza ritani za kodi. Baadhi zikapewa maelezo tu: mtoto wenu akienda chuo atapata msaada wa kiasi hiki, kaombeni. Nyingine zilijaziwa fomu ya kuomba msaada wa ada palepale, kwa taarifa ambazo tayari zilikuwa kwenye ritani, kazi ya dakika chache. Wale wa maelezo tu hawakubadilika chochote. Waliojaziwa fomu, watoto wao waliokwenda chuo waliongezeka kwa pointi 8 hivi za asilimia. Someni tena hapo. Hawakuwa wavivu wala wajinga, fomu ndiyo ilikuwa ukuta.

Hata pensheni za Uingereza, mfano ambao kila mtaalamu wa mambo haya anaanza nao, siri yake ni hiyohiyo. Tangu 2012 mwajiri anamwingiza mfanyakazi kwenye mfuko wa pensheni moja kwa moja, na asiyetaka ndiye anayehangaika kujitoa. Hakuna aliyetumiwa meseji ya kuaibishwa. Kazi ilitolewa mikononi mwa mtu ikapewa mfumo.

Sasa mtaniambia meseji ni rahisi, hazidhuru. Mwaka 2022 watafiti DellaVigna na Linos walikusanya majaribio 126 ya vitengo viwili vikubwa vya sayansi ya tabia vya Marekani. Kwenye makala za wasomi viwiko hivi vilikuwa vinaongeza watu wanaofanya jambo lililokusudiwa kwa wastani wa pointi 8.7 za asilimia. Kwenye kazi halisi za vitengo, pointi 1.4. Si haba, kwa barua iliyobadilishwa maneno mawili matatu. Lakini ndiyo mtu asimame jukwaani aseme huduma zimeboreshwa?

Nisisahau kisanduku. Kwenye tovuti yao, chini kabisa, kuna kisanduku cha "nakubali kupokea ujumbe", na kimeshawekwa tiki kabla hujafika. Hapo urahisi waliuona! Kujitoa je? Uandike barua, uipeleke mwenyewe, dirisha lilelile. Kwa hiyo utaalamu wanao, na wanajua vizuri sana hatua moja ikiongezwa wangapi watakata tamaa njiani. Wameamua tu hatua ziwe upande wangu.

Kesho naenda mara ya nne. Nimetoa nakala mbilimbili za kila kitu, hata za vitu ambavyo havijaulizwa.

Kama humu yumo mdau wa vitengo hivyo, naomba anijibu swali moja tu. Mara ya mwisho kukaa kwenye lile benchi na ile fomu mkononi, ukaijaza mwenyewe mpaka ukurasa wa saba, ilikuwa lini? Na usinijibu kwa meseji.